Nimefukuzwa ukocha chuoni Marekani, mkataba ulibakiza miaka miwili, wamesitisha malipo. Nisaini au nishitaki?

Mwana wa Mbulu
Wakuu habari za majukumu. Naomba ushauri, na wenye kukejeli naomba mnipishe kwa leo, maana hata usingizi sipati.

Mimi ni Mtanzania, nipo Marekani muda mrefu. Nilikuja kusoma kwa udhamini wa riadha, nikabaki, nikawa kocha mkuu wa mbio za nyika katika chuo kikuu kimoja ambacho sitakitaja. Desemba mwaka jana mkurugenzi mpya wa michezo aliniita ofisini akaniambia wanataka mtu mwingine. Barua yao inasema wazi kwamba naondolewa bila kosa. Mkataba wangu unasema nikiondolewa bila kosa nitalipwa mshahara wa muda uliobaki, yaani dola 68,000 kwa mwaka kwa miaka miwili, kidogo kidogo kila mwezi.

Walilipa vizuri hadi Mei. Juni kimya. Julai ikaja barua ya wakili wao: eti mimi ndiye nimevunja masharti, wananipa dola 40,000 tumalizane, nisaini kwamba sitawadai tena. Iliyobaki ni kama dola 107,000. Mwisho wa kujibu ni Ijumaa.

Nisaini au nishitaki? Nawasilisha.

Kijiti cha Nne
Pole sana mkuu. Ngoja waje wajuvi, nimekaa hapa pembeni nasoma.

Mama Tumaini
Kaka yangu, chukua hizo 40,000 umshukuru Mungu. Baba Tumaini aliachishwa kazi kwenye kampuni moja hapa Dar, naye akasema haki yake haiachi. Tukaingia kwenye kesi. Nauli, nakala, wakili, leo jalada halionekani, kesho hakimu yuko likizo. Hukumu ilipotoka tumeshinda, kampuni ilikuwa imeshafunga ofisi na mkurugenzi hajulikani aliko. Karatasi ya ushindi ipo kabatini mpaka leo. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Shabiki wa Kikapu
Mama, hapo si Dar. Chuo kikuu hakihami usiku. Mkuu, shitaki. Kocha Kevin Ollie aliwapa chuo kikuu cha Connecticut (UConn) ubingwa wa mpira wa kikapu mwaka 2014, wakamfukuza Machi 2018 wakidai ana makosa ili wasimlipe. Hakusaini upuuzi. Januari 2022 msuluhishi akaamuru alipwe zaidi ya dola milioni 11. Na kocha wa futiboli ya Kimarekani, Jimbo Fisher, pale chuo cha Texas A&M, Novemba 2023 kafukuzwa na zaidi ya dola milioni 75 zake, akakaa nyumbani huku analipwa. Kule mkataba ni mkataba.

Mama Tumaini
Machi 2018 mpaka Januari 2022 mwanangu. Watoto wanakula nini miaka yote hiyo?

Mzee wa Viwanjani
Vijana, mmenikumbusha mbali. Suleiman Nyambui alisoma chuo cha UTEP kule El Paso, Texas, akaja kuchukua fedha ya mita 5,000 Moscow mwaka 1980. Michezo hiyo hiyo Filbert Bayi akachukua fedha ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Mpaka leo taifa hili halina medali nyingine ya Olimpiki zaidi ya hizo mbili! Mimi nilikuwa kijana, tukisikiliza kwenye redio ya jirani. Sasa wewe mwanangu una ujuzi wa kufundisha mbio ndefu, unatoka Mbulu kwenye wakimbiaji wenyewe, halafu unakesha kwa ajili ya hela ya Wazungu. Rudi nyumbani. Vijana wapo Mbulu, Hanang, Babati, hawana kocha.

Mwana wa Mbulu
Shikamoo mzee wangu. Suala la kurudi nimelifikiria, na nimeshalipia nusu ya kiwanja Usa River. Ndiyo sababu nyingine hiyo hela naitegemea. Lakini swali langu ni la mkataba.

Kiboko ya Madalali
Usa River sehemu gani? Umekutana na mwenyekiti wa kijiji au dalali tu? Umeona hati au umeoneshwa nakala kwenye simu? Mkuu, hilo la kocha ni dogo, kwenye kiwanja ndiko utakakolia. Mimi nililipia eneo ambalo wenzangu wawili walikuwa na risiti kama yangu.

Wakili wa Kando
Naomba turudi kwenye mada. Mleta uzi, barua ya wakili haiishii kwenye "umevunja masharti", lazima imetaja kifungu. Nakili hapa hicho kifungu. Mikataba mingi ya makocha wa vyuo Marekani, hata ile ya fidia ya kumaliziwa muda, ina sharti kwamba kocha aliyeondolewa atafute kazi nyingine inayolingana na ujuzi wake, na atakachopata kikatwe kwenye anachodai.

Shabiki wa Kikapu, huyo Fisher mkataba wake haukuwa na sharti hilo kabisa, ndiyo maana alikuwa na uhuru wa kukaa nyumbani. Usimtumie kumpa mwenzio moyo kabla ya kusoma karatasi yake.

Swali langu ni moja: tangu Desemba umefanya kazi yoyote?

Mwana wa Mbulu
Kazi rasmi sina. Nasaidia saidia tu.

Wakili wa Kando
Unasaidia wapi, na unapewa dola ngapi?

Mwana wa Mbulu
Kuna klabu ya wakimbiaji hapa mjini, nawafundisha asubuhi na jioni. Wananipa dola 1,000 kwa mwezi, posho tu ya mafuta na chakula. Hiyo mimi siiiti ajira.

Kifungu chenyewe kinasema nitafanya juhudi za kweli kutafuta kazi inayolingana, na kwamba nitakitaarifu chuo kila baada ya miezi mitatu. Sikuwataarifu kwa sababu hakuna aliyeniuliza. Wao wakaona picha yangu kwenye tovuti ya klabu, imeandikwa mkurugenzi wa makocha. Cheo hicho ni cha tovuti tu, kuvutia wateja.

Nyota ya Tarime
Heee! Mkurugenzi wa makocha kwa posho ya mafuta? Huku kwetu mkurugenzi anabebewa mpaka begi.

Wakili wa Kando
Mkuu, asubuhi na jioni, cheo cha mkurugenzi, dola 1,000. Mwenye klabu ni nani?

Mwana wa Mbulu
Ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Sioni ubaya. Ndugu kusaidiana kumeanza leo?

Wakili wa Kando
Ubaya naona mimi. Kocha wa futiboli Bret Bielema alifukuzwa chuo cha Arkansas Novemba 2017. Taasisi ya wafadhili wa michezo ya kule, Razorback Foundation, ndiyo iliyokuwa ikimlipa fidia. Mwaka 2019 wakasitisha, wakidai hakutafuta kazi ya kweli bali alikubali kazi za mshahara mdogo kwenye timu ya New England Patriots ili wao waendelee kubeba mzigo. Alishitaki mwaka 2020 akidai zaidi ya dola milioni 7, nao wakamshitaki pia. Wakamalizana 2021. Yule mwajiri wake mpya hakuwa hata ndugu yake. Wewe ni shemeji.

Je, kuna kazi nyingine uliyopewa ukaikataa?

Mwana wa Mbulu
Februari kuna chuo jimbo jingine walinitaka niwe kocha msaidizi kwa dola 55,000. Nilikataa. Mke wangu ana kazi yake hapa, watoto wako shule. Na mimi nilikuwa kocha mkuu, kwa nini nishuke? Mkataba unasema kazi inayolingana.

Mbishi wa Kimara
Nimesoma kuanzia juu, nikakaa kimya, sasa nasema: hii ni chai.

Kocha wa mbio za nyika kupewa mkataba wa miaka yenye fidia? Hizo ni za futiboli na kikapu. Halafu jamaa alifukuzwa Desemba. Mwenye viza ya kazi ya H-1B akipoteza kazi ana siku 60 tu za kupata mwajiri mwingine au kuondoka. Huyu bado anafundisha klabu mpaka Julai. Mwanzo hana kazi, akibanwa ana kazi. Mwanzo hana mke, akibanwa ana mke na shemeji mwenye klabu. Kesho atakuwa na mjomba jaji. Weka picha ya barua au tufunge uzi.

Nyota ya Tarime
Na sukari imekolea.

Kijiti cha Nne
Mimi nahisi ni mwanafunzi wa sheria, tunamfanyia kazi ya darasani. Angalia maelezo yalivyopangwa: miaka miwili, 68,000, 55,000. Ni swali la mtihani hilo.

Mwana wa Mbulu
Jamani. Nina ukazi wa kudumu kupitia mke wangu, viza ya kazi hainihusu. Mkataba wa miaka minne nilipewa kwa sababu chuo kingine kilinitaka, na wao hawakutaka niondoke na wanafunzi niliowaleta kutoka nyumbani na Kenya. Barua siwezi kuweka, ina majina ya watu. Kama hamniamini, basi. Nilidhani hapa kuna watu wazima.

Dada wa Ng'ambo
Mimi niko huku na mwanangu anakimbia chuoni. Simjui huyu kaka, lakini kufukuzwa makocha wa michezo isiyoingiza pesa si jambo la ajabu. Juni 2025 mahakama iliridhia makubaliano ya kesi iitwayo House, vyuo vikaruhusiwa kuwalipa wanamichezo moja kwa moja hadi dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka wa kwanza. Hela hiyo inatoka wapi? Inakatwa kwingine. Mbio za nyika zimewekewa ukomo wa wakimbiaji 17 kwa timu kwenye vyuo vilivyoingia mpango huo. Mwanangu mwenyewe nusura aachwe, tulilia nyumba nzima.

Mbishi wa Kimara
Dada, ajabu si kufukuzwa. Ajabu ni hadithi inayoongezeka nyama kila akiulizwa.

Wakili wa Kando
Chai au si chai, majibu hayabadiliki, na kuna watu watasoma uzi huu wakiwa na mikataba yao mkononi. Naendelea.

Mwana wa Mbulu, chuo chenu ni cha serikali ya jimbo au cha binafsi? Na aliyesaini mkataba ni chuo chenyewe au taasisi ya wafadhili?

Mwana wa Mbulu
Cha jimbo. Amesaini chuo chenyewe.

Wakili wa Kando
Basi Ollie usimchukue kama kipimo, maana yeye alikuwa na njia ya usuluhishi. Mtazame kocha wa futiboli Mike Leach. Chuo cha Texas Tech walimfukuza Desemba 30, 2009, siku moja kabla ya kustahili bonasi ya dola 800,000. Alishitaki kudai pesa zake, mahakama za Texas zikasema chuo cha serikali kina kinga, hakishitakiwi kwa fidia ya fedha bila serikali yenyewe kukubali. Mwaka 2012 mahakama ya juu ya jimbo ikakataa kulisikiliza. Majimbo hayafanani: mengine yameondoa kinga kwenye mikataba, mengine yana mahakama maalum ya madai dhidi ya serikali na muda mfupi wa kutoa taarifa. Hilo ulijue kabla ya Ijumaa, kutoka kwa wakili wa jimbo lako.

Sasa hesabu. Ukishinda kila kitu, unapata 107,000 ukitoa hizo 1,000 za kila mwezi. Ukishindwa kwenye hoja ya kazi uliyokataa, watasema ungelipwa 55,000 kule, kwa hiyo wanadaiwa tofauti tu: dola 13,000 kwa mwaka. Kwa miezi 19 iliyobaki ni kama 20,600, na wanaweza kudai kwamba hata hiyo miezi ya nyuma walikulipa zaidi. Ndiyo maana wamekupa 40,000. Walipiga hesabu hizo hizo.

Shabiki wa Kikapu
Lakini kocha mkuu kukataa usaidizi si kosa. Hiyo hoja anayo.

Wakili wa Kando
Anayo, na ni nzuri. David Beaty, kocha wa futiboli wa chuo cha Kansas, alidai dola milioni 3, chuo kikazuia kikitafuta makosa yake ya nyuma, mwisho 2020 wakamalizana kwa milioni 2.55. Mwenye hoja safi hupata karibu na chote. Kinachoharibu hoja ya huyu bwana ni klabu ya shemeji. Kwa nini dola 1,000?

Mwana wa Mbulu
Tulikubaliana atanipandisha chuo kikimaliza kulipa. Ni mazungumzo ya WhatsApp tu, ya ndugu. Na kuepusha maneno, shemeji ameandika barua kwamba mimi ni mtu wa kujitolea tangu Januari. Nataka niiambatanishe kwenye majibu. Si uongo kabisa, maana moyo wangu kweli ni wa kujitolea.

Mbishi wa Kimara
Aisee.

Mama Tumaini
Kaka, hapana. Na shemeji naye ana watoto.

Wakili wa Kando
Barua hiyo isitoke nyumbani. Imeandikwa juzi, inasema Januari, na wewe una miamala ya benki ya kila mwezi. Sasa hivi mnagombania tafsiri ya mkataba. Ukiituma, mtakuwa mnazungumza udanganyifu, na shemeji ataingia ndani yake. Ujumbe wa WhatsApp usifute hata mmoja, maana kufuta ushahidi wakati mgogoro umeshaanza ni tatizo jingine. Leo hii mwandikie wakili wao, sentensi mbili: unaomba wiki mbili upate mwanasheria. Tafuta wa ajira na mikataba, umpe kila kitu, pamoja na haya uliyotuficha sisi. Yeye ndiye apeleke pendekezo, labda 60,000 au 65,000, na apange malipo yatakavyokatwa kodi.

Kiboko ya Madalali
Na nusu ya pili ya kiwanja usilipe kabla sijakutafutia mtu wa kwenda ardhi.

Mwana wa Mbulu
Nimeshaomba muda, wamenipa hadi Jumatano ijayo, wiki mbili wamekataa. Kesho nina miadi na wakili. Barua ya shemeji sijaituma.

Ila niseme ukweli wangu: nilisaini miaka minne, nikatimiza miwili kwa jasho, waliovunja ni wao. Bado naona zile ni pesa zangu zote.

Wakili wa Kando
Hayo mwambie wakili kesho, kwa maneno hayo hayo. Na uende na mkataba wote, mpaka viambatisho.