Subjonctif passé: ni « ait quitté » au « soit quitté »?

Mizigo_Tunduma

Kamwene wakuu. Ofisini tunaandikia wateja wa Lubumbashi barua za Kifaransa, mizigo inatoka Mbeya, inavuka Tunduma na Nakonde, inaingia Kongo kwa Kasumbalesa. Kinachosumbua ni subjonctif passé, ile sura ya kitenzi baada ya maneno kama bien que (ingawa), tendo likiwa limeshatangulia. Naomba walimu wa Kifaransa mlioko huku Nyanda za Juu Kusini mnieleweshe kitenzi kinavyojengwa, na kati ya hizi ipi sahihi:

« Bien que le camion soit quitté Tunduma lundi… » au « ait quitté »? (ingawa gari liliondoka Tunduma Jumatatu)

« Nous espérons que vous ayez reçu les sacs » au « avez reçu »? (tunatumaini mmepokea magunia)

Mwl_Kihesa

Kamwene. Muundo wenyewe unao tayari kwenye Kiswahili. Ukisema "lazima muwe mmelipa kabla ya Ijumaa", umeipa "kuwa" ile -e ya mwisho, halafu kitenzi kikuu ukakiweka kwenye -me-. Kifaransa kinakwenda vivyo hivyo: « Il faut que vous ayez payé avant vendredi ». Kisaidizi kinakaa subjonctif présent, kitenzi chenyewe kinakaa participe passé (sura ya tendo lililokwisha, kama payé). Basi. Ukijua visaidizi viwili, umemaliza karibu kazi yote:

avoir (kuwa na): que j'aie, que tu aies, qu'il ait, que nous ayons, que vous ayez, qu'ils aient

être (kuwa): que je sois, que tu sois, qu'il soit, que nous soyons, que vous soyez, qu'ils soient

Angalia maandishi kwa makini. Aie, aies, ait na aient zinatamkwa sawasawa, kwa hiyo sikio halikusaidii. Kosa la kwanza kwenye madaftari ni « qu'il aie ». Nafsi ya tatu umoja inaishia na t, kama soit. La pili ni « ayions » na « soyiez ». Avoir na être haviongezi i baada ya y. Vitenzi kama payer ndivyo vinavyoiongeza (que nous payions), ndiyo maana mkono unateleza.

Sasa pale Kiswahili kinapokupoteza. Baada ya masikitiko, furaha au shaka sisi hatuhitaji -e: "tunasikitika kwamba gari limechelewa kufika". Kifaransa kinaidai: « Nous regrettons que le camion soit arrivé en retard ». Mwenye Kiswahili kichwani anaandika « est arrivé » kwa sababu amesikia "limefika". Kwa hiyo usitegemee tafsiri. Tazama kilicho kabla ya que. Regretter (kusikitika), être content (kufurahi), douter (kuwa na shaka), il faut (lazima), bien que, avant que (kabla), à moins que (isipokuwa): vyote vinataka subjonctif. Na ikiwa tendo limetangulia kile kitenzi cha kwanza, au linatakiwa liwe limekwisha kabla ya muda uliotajwa, ndipo unatumia passé. Linganisha « je suis content que tu viennes » (unakuja, au utakuja) na « que tu sois venu » (umeshakuja).

Espérer (kutumaini) haimo kwenye kundi hilo. Sahihi ni « Nous espérons que vous avez reçu les sacs ».

Uyole_fr

Nyongeza kwenye swali la gari. Sahihi ni « ait quitté ». Quitter (kuondoka mahali) inabeba shamirisho, hapa Tunduma, kwa hiyo inachukua avoir. Partir (kuondoka) haina shamirisho, inachukua être: « bien que le camion soit parti de Tunduma lundi ». Ukiandika « soit quitté » msomaji anaona kauli ya kutendwa, kana kwamba gari limeachwa na mtu.

Mtego huohuo uko kwenye nyaraka. « Il faut que les papiers soient signés » (lazima nyaraka zisainiwe) inafanana kabisa na subjonctif passé, lakini ni kutendwa kwa subjonctif présent. Ukitaka passé yake: « que les papiers aient été signés ».

Na kuna vitenzi vyenye sura mbili: passer (kupita), monter (kupanda), descendre (kushuka), sortir (kutoka), rentrer na retourner (kurudi). Bila shamirisho ni être, likiwepo ni avoir. « Qu'il soit passé par Kasumbalesa », ila « qu'il ait passé la frontière ».

Usisahau upatanisho. Kwa être, participe inafuata kiima: que le camion soit arrivé, que la marchandise soit arrivée, que les caisses soient arrivées. Kwa avoir haifuati kiima. Inafuata shamirisho la moja kwa moja, tena likitangulia tu: « Nous sommes contents que vous les ayez reçus » kama ni sacs (jinsia ya kiume), « reçues » kama ni caisses (jinsia ya kike).

Mizigo_Tunduma

Asanteni sana walimu. Je, « Nous regrettons que nous ayons tardé » inafaa? Na après que ni sawa na avant que?

Mwl_Kihesa

Haifai. Kiima kikiwa kilekile pande zote mbili, acha que, tumia infinitif passé (kisaidizi kisicho na nafsi, kikifuatwa na participe): « Nous regrettons d'avoir tardé ». Barua nyingi za biashara huharibika hapo, na msomaji wa Lubumbashi anaona mara moja.

Après que (baada ya) kisarufi inachukua indicatif, yaani sura ya kawaida ya kutaja jambo, kwa kuwa tendo linahesabiwa limeshatokea: « après que le camion est arrivé ». Utawasikia Wafaransa wenyewe wakisema « soit arrivé » kwa kuiga avant que, lakini kwenye barua rasmi baki na indicatif.

Ukikutana na « qu'il eût fini » au « qu'elle fût partie » kwenye maandishi ya zamani, hiyo ni plus-que-parfait ya subjonctif. Ifahamu ukiisoma, usiiandike. Siku hizi hata kitenzi cha kwanza kikiwa cha wakati uliopita wanaandika « nous étions contents qu'elle soit partie ».

Uyole_fr

Moja limebaki, kwa sababu utalihitaji kila wiki: penser (kufikiri). Ikikubali, indicatif: « Nous pensons que le camion est passé par Kasumbalesa ». Ikikanusha, subjonctif: « Nous ne pensons pas que le camion soit passé par Kasumbalesa ». Croire (kuamini) nayo iko hivyohivyo.