Fundi umeme kafunga msumari ardhini badala ya ethi rodi, na mhuri wa mkandarasi upo!

Wakuu, nimejizuia siku nne nisiandike nikiwa na hasira. Hasira haijapungua, kwa hiyo naandika hivyo hivyo.

Nyumba yangu iko Goba, Dar es Salaam. Mwezi wa nne niliamua kuboresha umeme: shawa ya maji moto bafuni, soketi za jiko na friji, na kuvuta nyaya kwenye vyumba vitatu vya uani vya kupangisha ili viwe na LUKU yake. Fundi nilielekezwa na jirani. Kijana mpole, kila neno "mama", saa moja asubuhi yuko getini na msaidizi wake. Tukapatana laki sita ya ufundi, vifaa juu yangu. Mimi kutwa niko kazini Posta, nikampa hela akanunue Kariakoo, akaniletea risiti. Risiti ninazo zote. Zinasema waya wa sita (unene wa milimita sita za mraba) mita 20, ethi rodi ya futi 4, yaani ile fimbo ya chuma inayozamishwa ardhini ili umeme ukivuja ukimbilie huko, na breka ile yenye kitufe cha T, inayokata umeme ukivuja. Vikumbukeni hivyo vitatu.

Siku ya kwanza shawa ilichemsha vizuri. Siku ya pili breka ikaanza kukata. Unaoga kidogo tu, pap, taa zote zimezima. Nikampigia, akaja jioni hiyo hiyo, nikajiambia huyu ndiye fundi. Akafungua boksi, akatoa breka, akaweka nyingine. "Ile ilikuwa ndogo mama, sasa haitakusumbua." Na kweli haikusumbua tena. Nikampa elfu kumi ya soda juu ya bei ya breka, nikamshukuru. Nikiikumbuka hiyo elfu kumi nachemka.

Ijumaa iliyopita mwanangu wa miaka tisa aliingia kuoga. Nilisikia ukelele mmoja, halafu kimya. Nimekuta ameshika koki, mkono umekakamaa, maji yanamtiririkia, macho kayatoa. Mimi niliganda pale mlangoni. Mama mkwe wangu ndiye aliyekimbia kuzima meni swichi, na mtoto akaanguka sakafuni kama mzigo. Tulikesha naye hospitali. Yuko hai. Vidole vya mkono wa kulia bado vina ganzi, na bafuni hataki kuingia, hata kwa maji ya ndoo.

Jumamosi nikaita fundi mwingine, mzee mstaafu, leseni yake ya EWURA, mamlaka inayosimamia huduma za nishati na maji, akanionyesha kabla sijauliza. Nusu saa tu na mita yake alikuwa ameshajua kila kitu.

Shawa yangu imeandikwa wati 5,500. Kwa umeme wetu wa volti 230 inavuta karibu ampea 24, kwa hiyo inataka waya wake peke yake, mnene, kutoka kwenye meni swichi. Ndiyo maana nilinunua ule wa sita. Yule bwana hakuvuta hata mita moja. Alichukua umeme kwenye taa ya bafuni, waya wa moja na nusu, akaunga kwa soletepu juu ya dari. Breka ya taa ni ya ampea 10, na ilikuwa inakata kwa sababu inafanya kazi yake. Yeye akaitoa akaweka ya ampea 40! Mzee akaniambia, "Mama, breka kazi yake ni kuulinda waya ulioko ukutani. Ukiweka kubwa kuliko waya, waya ndio unageuka fyuzi, na fyuzi yako hii imelala kwenye mbao za kenchi." Akanipandisha ngazi nikaone kwa macho yangu. Pale kwenye kiungo plastiki imeyeyuka, nyeusi, inanuka, na ubao umeungua alama ya ukubwa wa kiganja. Miezi minne tumelala chini ya kitu hicho.

Breka ya kitufe cha T haimo. Nafasi yake kwenye boksi ameunganisha waya moja kwa moja.

Lakini ethi ndiyo imenimaliza. Nyuma ya nyumba kuna waya wa kijani na njano unashuka ukutani na kuzama ardhini, na juu yake kasakafia saruji vizuri, ukipita unasema kazi imekamilika. Mzee akabomoa ile saruji kidogo, akauvuta waya kwa mkono mmoja, ukaja kama mchicha. Mwishoni umefungwa msumari wa inchi nne. Msumari wa mbao, tayari una kutu.

Sasa la mhuri. Ili vyumba vya uani vipate mita, fomu inatakiwa igongwe mhuri wa mkandarasi mwenye leseni, athibitishe kazi. Fundi akaniambia niongeze elfu themanini, kesho yake akaleta fomu imeshagongwa. Huyo mkandarasi sijamwona mpaka leo. Hajui mlango wangu unaelekea wapi! Mita ikafungwa, wapangaji wakaingia, mmoja ana kichanga. Mzee alipokwangua nyaya za vyumba vyao kwa kisu, ndani ni nyeupe: si shaba, ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu juu. Na mimi ndiye niliyepokea kodi yao ya miezi sita. Nimezima umeme wa uani, mama na kichanga wake wanalala sebuleni kwangu.

Nilipompigia fundi alinijibu, "Mama, mambo ya umeme huyajui, huyo mzee anatafuta kazi." Baada ya hapo simu haipatikani. Jirani aliyenielekeza anasema nisamehe, kijana ana familia. Na aliyekuwa ameshika koki ni familia ya nani?

Msije kuniambia nilitafuta rahisi. Laki sita si rahisi, na vifaa nililipia vya kweli. Kosa langu ni moja, sikumwomba leseni siku ya kwanza, na hilo nalibeba. Lakini aliyeuza mhuri wake kwa elfu themanini ana leseni, na namba yake inasomeka kwenye nakala ya fomu niliyobaki nayo. Barua ya EWURA nimeshaiandika, nimeambatanisha picha za kiungo kilichoungua na cheti cha hospitali.

Jumatatu saa nne asubuhi tuna kikao ofisi ya serikali ya mtaa, mwenyekiti amemwita fundi kupitia kwa kaka yake. Meseji za miamala nimezichapisha zote. Msumari uko kwenye bahasha pamoja na risiti ya ethi rodi. Nataka aushike mbele ya mwenyekiti, aseme ni nini.