Naomba ushauri: mmiliki manufaa asiye na hisa kwenye karatasi

Habari za jioni wanajamvi. Nipo Moshi, mimi na dada yangu tuna kampuni ndogo ya utalii, hisa nusu kwa nusu. Lakini mtaji wote, pamoja na magari mawili, ulitoka kwa mjomba aliye Ujerumani. Bila neno lake hatuuzi wala hatukopi.

Tangu sheria ya fedha ya 2020, BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa kampuni, inataka taarifa za wamiliki manufaa, yaani binadamu halisi anayemiliki au kudhibiti kampuni mwishoni. Sisi hatujawahi kuzijaza, na hilo linaninyima usingizi. Mhasibu mmoja wa Arusha kaniambia niandike majina yetu mawili tu, yatosha. Siafiki, maana kumficha mjomba ndicho hasa sheria inachokizuia. Mwenyewe hana pingamizi, pasipoti kaishatuma.

Naombeni msaada wenu:
Je, mtu asiye na hisa hata moja anaingizwa kama mmiliki manufaa kwa sababu ya udhibiti wake? Na faini ya kuchelewa inadaiwa kampuni pekee, au na sisi wakurugenzi binafsi?

Aliyewahi kupitia hili anisaidie tafadhali. Natanguliza shukrani.