Tupeane uzoefu: feringi, kioo na mikoba ya safari kwenye kruza, upepo wetu wa visiwani

Mwenye Virago, Mjini

Asalaam aleykum wapandaji wenzangu wa Unguja na Pemba. Uzi huu ni wa wenye kruza: Virago, Shadow, Intruder, Avenger, hata Dragstar. Pikipiki hizi zimeundwa ukae wima, miguu mbele, kifua wazi. Darajani raha tupu. Ukishaipita Mwanakwerekwe ukafungua mwendo, kifua kinageuka tanga.

Nataka tusimuliane. Nani amefunga feringi (ganda la mbele la kukinga upepo), kioo cha upepo, mikoba, gadi (vyuma vya kukinga pikipiki ikianguka) au taa za ziada, amevifunga wapi, na pikipiki imebadilika vipi? Mie naanza.

Roho yangu ilikuwa kwenye ile feringi pana yenye umbo la popo, ambayo Harley-Davidson waliitoa kwenye Electra Glide mwaka 1969 na baadaye ikaigwa na watengenezaji chungu nzima wa vifaa. Inapendeza, hilo sibishi. Ila inafungwa kwenye foku, yaani ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele. Inageuka pamoja na usukani, na uzito wote unaubeba usukani. Aina nyengine hufungwa kwenye fremu, kama zile Windjammer za Craig Vetter za miaka ya 1970, au ile ya Harley Road Glide. Hapo usukani unageuka, feringi imetulia. Upepo ukiipiga unaisukuma pikipiki nzima, lakini hauupindi usukani moja kwa moja.

Hili si la vitabuni. Teremka kutoka Paje kwenda Jambiani wakati wa kusi. Bahari iko kushoto, upepo unakuja kushoto kwa mbele, tena si wa mfululizo: ukuta wa hoteli unaukata, ukuta ukiisha unakupiga wote kwa pamoja. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo kila pigo linakupeleka kulia, kule yanakotokea magari. Ndiyo maana nikachagua kioo chepesi chembamba badala ya feringi nzito ya foku, na nasema wazi: kwetu, kwa pikipiki nyepesi ya kruza, feringi pana ya foku naiona haifai. Mwenye uzoefu tofauti aje, nitamsikiliza.

Mwalimu wa skuli, Jambiani

Waaleykum salaam kaka. Hapo Paje umesema kweli tupu. Upepo wanaoufuata wale warusha kaiti ndio huohuo unaotupiga sisi barabarani.

Mie nina Avenger, na langu ni urefu wa kioo. Mimi mfupi. Kioo kilikuja na ukingo wake uko usawa wa macho, kwa hiyo kila ninachokitazama kina mstari katikati. Mvua ya masika usiku, taa za gari la mbele, basi sioni kitu. Nilikikata. Sasa ukingo uko usawa wa pua nikikaa, nachungulia kwa juu, siangalii kupitia kioo. Upepo unapita juu ya helmeti.

Kama kichwa kinagongwagongwa na upepo, kabla ya kununua kioo chengine fanya hivi barabara ikiwa tupu: jiinue kidogo kwenye siti, halafu jikunje kidogo. Ukijiinua kukatulia, maana yake kioo kifupi kingekufaa zaidi, kichwa kiwe kwenye upepo safi. Ukijikunja ndipo kukatulia, unahitaji kirefu, au kibadilishwe mlalo tu.

Na chumvi jamani! Msifute kioo kikavu. Chumvi na mchanga vinachora. Mwagia maji matamu kwanza, sabuni laini, kitambaa laini. Dawa za vioo vya nyumba zenye amonia zinaua polikaboneti (plastiki ya vioo hivi), na petroli ndiyo kabisa.

Fundi faiba, Mkokotoni

Mie kazi yangu boti, ila nimeshaletewa feringi za pikipiki. Faiba tunaiweza, na umbo lolote tutalitoa. Ninachowaambia wateja ni kwamba ganda silo linalovunjika kwanza. Zinavunjika bano, vile vishikizo vyake. Feringi nzuri iliyoshikwa na bati jembamba lililotobolewa itatikisika mpaka bati lichanike kwenye tundu. Tunaongeza matabaka kwenye kila tundu la bolti, na kiringi cha mpira (washa) pande zote mbili.

Bolti za stenlesi ni nzuri, lakini ukizikaza kwenye alumini bila grisi, kwa hewa yetu ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Baada ya misimu miwili mitatu bolti haitoki tena. Pakeni grisi.

Mpanda wa Wete

Habari za Unguja. Pemba kwetu upepo si tatizo kubwa, vilima na kona ndivyo vinavyotusumbua. Mie sikufunga feringi kabisa. Nimefunga mikoba ya pembeni na gadi, basi.

Mkoba wa kulia uangalieni na eksozi, ngozi inaungua taratibu na plastiki inalegea. Weka bati la kukinga joto na uache nafasi. Kila mkoba uwe na chuma cha kuuzuia usiingie kwenye tairi; kamba peke yake haitoshi. Indiketa zikifunikwa, zihamishe. Vizito viwekwe chini na mbele ya ekseli ya nyuma, na pande zote mbili zilingane. Ukibeba na mtu, kaza springi za shokapu ya nyuma, la sivyo taa ya mbele inaangaza juu ya minazi.

Na upana! Msimu wa karafuu watu wanaanika kwenye majamvi kandokando ya barabara. Mikoba inakufanya uwe mpana kuliko unavyodhani. Jasho la watu lile, tulipishe kwa mbali.

Mwenye Shadow, Fuoni

Joto hamkulitaja. Hizi kava za miguuni za feringi kamili zimetengenezwa kwa watu wa baridi. Kwenye foleni ya Mjini zinakurudishia joto la injini mapajani, na injini ya kupozwa kwa hewa inahitaji ule upepo unaouziba. Yangu ina rejeta, nayo ikizibwa vilevile inalalamika. Mie nilizivua, nikabaki na kioo.

Swali langu ni taa. Nataka mbili za ukungu kwenye gadi. Fundi mmoja anataka kuziunga kwenye waya wa taa kubwa. Ni sawa?

Mwenye Virago, Mjini

Si sawa, ndugu yangu. Taa mbili za wati 55 ni wati 110. Kwa volti 12 hiyo ni takriban ampia 9 juu ya mzigo uliopo. Waya ule utaungua. Chukua za LED, hata zikiwa wati 20 zote mbili hazifiki ampia 2, halafu umeme utoke betri moja kwa moja kupitia fyuzi na relei (swichi inayowashwa na umeme). Relei iwashwe na waya unaopata umeme funguo ikiwashwa tu, usije ukakuta betri imekufa asubuhi.

Fundi faiba, Mkokotoni

Naongeza hapo. Ukishafunga kila kitu, simamisha pikipiki kwa stendi, gia huru, washa injini na uiache ingurume chini kabisa. Geuza usukani mpaka mwisho kushoto, kisha mpaka mwisho kulia. Mlio ukipanda bila kuushika mkono wa mafuta, waya wa mafuta unavutwa na bano au na kioo. Usiipande. Fungua, upitishe waya njia nyengine, kisha ujaribu tena.