Mnaouza plagini za QGIS zenye "except: pass", mnaharibu ramani za watu

Wakuu, hizi plagini (programu za nyongeza za QGIS, ile programu ya ramani) zinazogawiwa kwa zip kama njugu zimezidi. Unabonyeza kitufe, kimya. Hakuna ujumbe mwekundu, paneli ya kumbukumbu ya Log Messages nayo tupu. Fungua kodi: kazi yote imo ndani ya `try`, chini yake `except: pass`. Kosa limemezwa, halafu mteja anaambiwa kompyuta yake ndiyo mbovu! Wekeni `QgsMessageLog.logMessage(traceback.format_exc(), 'Plagini', Qgis.Critical)`, kosa lionekane pamoja na mstari wake.

Baya kuliko yote ni `layer.setCrs()`, amri ya kutaja leya iko kwenye mfumo gani wa kodineti. Leya ya viwanja ya zamani iko kwenye Arc 1960 / UTM 37S, mfumo wa zamani wa Afrika Mashariki, yaani EPSG:21037 (EPSG ni namba ya kutambulisha mfumo). Mtu anaitaka kwenye WGS 84, mfumo wa GPS, anaipa `setCrs` ya EPSG:32737, basi, kamaliza. Hujabadilisha kitu! Umebandika lebo tu, namba za kodineti ni zilezile. Kwa Dar es Salaam viwanja vinasogea karibu mita 300 kuelekea kaskazini. Na kwa macho huoni kasoro, maana vyote vimehama pamoja. Utashtuka ukiweka picha ya satelaiti chini, au fundi akifika saiti na GPS akakosa bikoni (jiwe la mpaka). Mita 300 ni kiwanja cha mtu mwingine kabisa.

Kubadilisha kwenyewe ni hivi:

`processing.run('native:reprojectlayer', {'INPUT': layer, 'TARGET_CRS': 'EPSG:32737', 'OUTPUT': 'memory:'})`

Ukitumia `QgsCoordinateTransform`, cha tatu ndani ya mabano kiwe `QgsProject.instance()`. Vigezo vya kubadilisha Arc 1960 vya Kenya si vya Tanzania, na alivyochagua mwenye mradi viheshimiwe.

Mengine ni uvivu mtupu. Njia ya `C:\Users\...` ya mwandishi imeachwa ndani ya kodi, tumieni `os.path.dirname(__file__)`. `unload()`, inayoitwa plagini ikizimwa, iko tupu, kila ukipakia upya kitufe kinaongezeka, iteni `iface.removeToolBarIcon(self.action)`. Na msiwaambie watu wa Windows wapige `pip` kwenye cmd ya kawaida, maktaba inaenda kwenye Python nyingine na `ModuleNotFoundError` inabaki palepale. Wafungue OSGeo4W Shell, waandike `python -m pip install` na jina la maktaba.

Aliyekwama aweke hapa traceback nzima (maelezo yote ya kosa), toleo la QGIS na EPSG ya leya yake. "Haifanyi kazi" peke yake hatuwezi kuitibu.