Dereva nasumbuliwa na gauti: nimeanza dawa ya kila siku ndo kidole kimevimba zaidi, niache au niendelee?

Dereva_Horohoro:
Habarini wakuu, assalam alaykum. Naomba mnisome hadi mwisho maana huu mguu umenichosha kwelikweli. Mimi ni dereva napiga ruti ya Tanga Horohoro, miaka 46, pombe sijawahi kuonja wala sigara. Gauti ilinianza kitambo na inapenda kidole gumba cha mguu wa kulia, na huo ndo mguu wa mafuta na breki, sasa fikiria ikushike usiku na asubuhi abiria wanakusubiri stendi. Huwa nalala mzima, saa nane au saa tisa usiku naamka kidole chekundu kinang'aa cha moto, shuka tu likigusa natamani kupiga kelele, kiatu hakiingii, hata mtoto akipita karibu na kitanda namwambia baba usisogee.

Siku zote nilikuwa natuliza kwa sindano ya diklofenaki pale duka la dawa mtaani narudi barabarani. Safari hii nikaamua kupima, yuriki asidi, ile taka ya damu inayoleta gauti, ikaja 560, duka moja wakanipa alopurinoli za miligramu 300, dawa ya kuishusha, wakasema meza moja kila siku ugonjwa unaisha. Nimemeza bila kuruka. Sasa badala ya kupona ndo imekuja kali kuliko zote nilizowahi kupata, imetoka kidoleni ikapanda mpaka kifundo cha mguu. Nyumbani wananiambia dawa imenikataa niitupe. Na kinachoniuma zaidi watu wakiniona nachechemea wanasema huyo ni nyama na bia hizo, mtu mzima unaonekana mlevi wa siri hata msikitini.

Naomba ushauri, niache hii dawa? Na nile nini jamani, maana kwetu Tanga mboga ni samaki. Na Ramadhani nifungeje?

Fundi_Makorora:
Pole sana kaka. Mi nilisikia maji ya ndimu na magadi kidogo asubuhi kabla hujala chochote yanaondoa kabisa hiyo asidi. Na acha maharage, mchicha, kunde, vyote hivo vina asidi.

Ukhti_Raskazone:
Magadi mtu mwenye presha yatampandishia presha, ile ni chumvi tu. Kaka dereva una presha wewe? Na kama unayo unameza nini? Uliza hilo kwanza kabla hujafika kwenye chakula.

Dereva_Horohoro:
Ndio dada presha ninayo, nameza kidonge chenye hidroklorothiazaidi ndani, kile kinachokojoza. Na aspirini ndogo nilianza kumeza baada ya kuambiwa na rafiki inalinda moyo.

Nesi_Pongwe:
Kaka pole, nitaandika ndefu kidogo maana hapa pana mambo mengi yamechanganyika na mengine usipoyajua utateseka miaka.

Kwanza usiitupe dawa. Ilichokufanyia alopurinoli ni kitu kinachojulikana na walipaswa kukwambia kabla hawajakupa. Hiyo 560 yako ni maikromoli kwa lita, kwa kipimo kingine cha miligramu kwa desilita ni kama 9.4. Damu ikishapita kama 6.8 yuriki haiwezi tena kuyeyuka yote, inaganda vipunje vyenye ncha ndani ya jointi, kama chumvi inavyoganda kwenye yale mashamba ya chumvi ya Mkinga maji yakishakolea. Na inaanzia kidole gumba kwa sababu huko miguuni kuna ubaridi kuliko mwili mwingine, na usiku ndo zaidi. Sasa ukianza alopurinoli yuriki inashuka kwenye damu, vile vipunje vilivyokaa humo miaka vinaanza kumeguka, na vikimeguka kinga ya mwili inavivamia, ndo huo uvimbe na moto. Kwa hiyo shambulio la mwanzoni halimaanishi dawa imekukataa, inamaanisha vipunje vimeanza kuguswa. Wengi wanaachia hapahapa alafu wanabaki na sindano za diklofenaki maisha yote.

Ila jinsi ulivyoanzishwa sijaridhika nayo. Kawaida tunaanza na miligramu 100 kwa siku, mwenye figo dhaifu hata 50, tunapanda taratibu kila baada ya wiki kadhaa huku tunapima, mpaka yuriki ishuke chini ya 6, yaani chini ya 360 kwa kipimo chako. Wengine dozi inafika 300, wengine wanahitaji zaidi, kila mtu na kiwango chake. Na miezi mitatu hadi sita ya mwanzo unapewa kitu cha kukukinga na mashambulio, mara nyingi kolchisini kidogo ya 0.5 mg. Wewe umepewa 300 kwa mkupuo bila kinga yoyote, bila hata kupimwa figo. Kwa hiyo usiache na usijipunguzie mwenyewe hapo nyumbani, chukua hizo dawa zako zote, za presha pia, nenda hospitali ya Bombo au popote wanapopima kreatinini, kile kipimo cha figo, daktari akupangie upya.

Kitu kimoja tu ndo kinakufanya uache siku hiyohiyo bila kumsubiri mtu: upele mwilini, homa, vidonda mdomoni, macho kuwa mekundu. Hiyo ni aleji ya alopurinoli, ni nadra lakini inaua, na ikija huwa inakuja kwenye wiki hizi za mwanzo. Hapo unakimbia hospitali.

Pili dada Ukhti ameuliza swali la maana sana. Hidroklorothiazaidi inazuia figo kutoa yuriki, na aspirini ndogo nayo vilevile. Sehemu kubwa ya yuriki, kama theluthi mbili, inatoka kwa figo, sasa wewe mlango wenyewe umeubana alafu unashangaa mbona imejaa. Usiache dawa ya presha kienyeji, presha haina mchezo, ila mwambie daktari una gauti, kuna losatani ambayo inashusha presha na inasaidia kutoa yuriki kidogo, kuna amlodipini pia. Na aspirini muulize kama kweli unaihitaji, maana hukuandikiwa na mtu wa afya.

Baharia_Mstaafu:
Mwanangu dereva, mimi nina jongo, hilohilo gauti, tangu niko melini, sasa mzee wa kukaa tu hapa Sahare. Msikilize huyo nesi. Mimi nameza alopurinoli kila siku miaka mingi na jongo nimelisahau. Kaka yangu mkubwa, Mungu amrehemu, yeye alikuwa mtu wa kutuliza maumivu tu, akisikia nafuu basi imeisha. Vidole vya mikono vikatoka manundu, sikioni nundu, kwenye kiwiko nundu, mengine yanapasuka yanatoa kitu cheupe mfano wa chokaa, mwisho akawa hawezi kushika kikombe wala kufunga vifungo vya shati na figo zikamwendea vibaya. Wakati hakuna maumivu ugonjwa haujalala, unaendelea kujijenga ndani. Hilo watu hawalielewi, wanaona gauti ni yale masiku ya kuumwa tu.

Na hayo maneno ya mlevi wa siri yaache yapite. Babu yetu alikuwa nalo, baba alikuwa nalo, na baba hakuwahi kuweka pombe mdomoni. Hili jambo linarithiwa, figo za watu wengine zimeumbwa hazitoi yuriki vizuri.

Kijana_wa_Muheza:
Nesi samahani, sasa huyu kaka leo usiku afanyeje na huo mguu umevimba? Maana kliniki ni kesho.

Nesi_Pongwe:
Swali zuri mdogo wangu. Ainue mguu juu ya mto, barafu aifunge kwenye kitambaa aweke kama dakika 20 aondoe, arudie mara kadhaa, asikande na maji ya moto wala asichue, watu wa huku tunapenda sana kuchua na hapo unachochea moto. Maji anywe.

Dawa za shambulio ni tatu na zote zina mtu wake. Kolchisini, hii inafanya kazi vizuri ukiiwahi ndani ya saa za mwanzo, 1 mg alafu baada ya saa moja 0.5, basi, hapo usiongezee ukidhani itaharakisha. Ile ya zamani ya kumeza kila saa mpaka uharishe imeshaachwa, kolchisini ikizidi ni sumu. Mwenye figo mbovu au anayemeza antibiotiki ya klarithromaisini aseme kwanza. Ya pili ndo hizo diklofenaki, ibuprofeni, indomethasini, zinatuliza kweli lakini kwa mwenye presha, vidonda vya tumbo au figo zina madhara, na kaka yetu ana presha na figo zake hazijulikani, ndo maana hizo sindano za mtaani zinanipa wasiwasi. Ya tatu prednisoloni, siku chache tu kwa maelekezo ya daktari, mwenye kisukari inampandishia sukari. Kwa hiyo kesho asubuhi awe wa kwanza kwenye foleni.

Na akisikia homa kali na kutetemeka, jointi moja imevimba kupita kiasi, asisubiri kesho. Bakteria wakiingia kwenye jointi inafanana sana na gauti na ndani ya siku chache jointi inaharibika. Mtu wa gauti naye anaweza kupata hiyo, tusimwambie kila uvimbe ni gauti tu.

Ukhti_Raskazone:
Nijibu la chakula maana mume wangu analo na jikoni nipo mimi. Fundi usimnyime watu maharage na mchicha, hizo mboga zina purini ndio, ile mwili unaigeuza kuwa yuriki, lakini zimechunguzwa na hazionekani kuleta mashambulio kama nyama na vitu vya baharini. Vitu vya kuogopa ni maini, figo, utumbo, supu ya makongoro kila asubuhi, dagaa, kamba, kome, na bia kwa wanaokunywa. Samaki kama changu au kolekole kipande cha kiasi mume wangu anakula, si kila mlo, na mchuzi mzito wa dagaa nimeuondoa kabisa nyumbani. Siku nyingine nampikia mayai, maharage ya nazi, mbaazi. Maziwa yasiyo na mafuta mengi na mtindi vinasaidia, na kwa maziwa Tanga hatuna shida, Tanga Fresh ipo kila duka. Kahawa pia haina neno.

Kitu watu hawakijui ni soda na juisi za sukari nyingi. Ile sukari ya matunda, fruktosi, iliyomo hata kwenye soda, mwili ukiichakata unatengeneza yuriki, kwa hiyo mtu kaacha nyama anashushia soda mbili kwa siku anajiuliza mbona haponi. Madereva hilo liwafikie. Chungwa la Muheza lenyewe kula, shida ni majagi ya juisi.

Lakini kaka usijidanganye kwamba utashusha 9.4 kwa chakula peke yake. Daktari wa mume wangu alituambia kujibana kwa chakula kunashusha kama 1 hivi, basi. Dawa ndo inabeba mzigo.

Dereva_Horohoro:
Dada umenigusa, soda ndo chakula changu njiani, na maji kweli nakunywa kidogo sana makusudi maana ukinywa utasimamisha gari na abiria wanalalamika, na konda anataka tuwahi zamu. Sikujua kama hilo linahusika.

Baharia_Mstaafu:
Linahusika sana. Mwili ukikauka jongo linaamka, hata melini lilikuwa linatushika kwenye joto la chumba cha injini. Beba chupa yako, simama pale Maforoni ujisaidie, abiria watanung'unika dakika mbili, ila ukilazwa na mguu gari lenyewe haliendi.

Kijana_wa_Muheza:
Na la Ramadhani hajajibiwa.

Nesi_Pongwe:
Alopurinoli ni mara moja kwa siku baada ya kula, kwa hiyo inakaa vizuri baada ya futari, haina mgongano na funga. Maji agawanye kuanzia futari mpaka daku, asiyabugie yote kwa wakati mmoja, na futari asianze na jagi la juisi ya miwa. Kama shambulio lipo, au figo zimeonekana zina shida, aongee na daktari kabla, na mgonjwa ruhusa yake inajulikana, Suratul Baqara imelisema, atalipa siku nyingine. Na asije akafanya ile ya kupunguza uzito kwa kujinyima kula kwa ghafla, mwili ukijila wenyewe yuriki inapanda. Uzito upungue polepole.

Dereva_Horohoro:
Wakuu nimerudi na mrejesho. Nilienda, daktari kanisikiliza vizuri, kapima figo, kreatinini iko sawa alhamdulillahi. Alopurinoli hajaiondoa ila kairudisha kwenye 100, kanipa prednisoloni ya siku chache kwa huu uvimbe na kolchisini 0.5 kila siku kama kinga, kidonge cha presha kabadilisha kanipa losatani, aspirini kasema niache sina sababu ya kuimeza. Baada ya wiki nne narudi kupima yuriki. Kasema pia yuriki ukiipima siku unaumwa inaweza kuja ya kawaida ukadanganyika, kwa hiyo niipime nikiwa mzima. Uvimbe umepungua, mguu unakanyaga.

Swali la mwisho kwa nesi, hii kolchisini nikianza kuharisha je?

Nesi_Pongwe:
Nimefurahi sana kaka. Ukiharisha au kutapika simamisha kolchisini, rudi kwa daktari akuangalie, alopurinoli endelea nayo. Na misuli ikianza kuuma au kukosa nguvu bila sababu sema mapema. Chupa zote hizo weka mbali na watoto, hasa kolchisini.