Tupeane uzoefu: getElementById inarudisha null na id unaiona kwa macho

Wakuu, habari za kazi. Vijana wengi wanaoanza kusoma XML (mfumo wa kuandika data kwa alama) wanakwama hapa, na wakiuliza wanaambiwa tu watumie XPath (lugha ya kutafuta sehemu za hati ya XML). Kila mwenye uzoefu auweke hapa.

Naanza mimi. Faili la maktaba lina `<kitabu id="k17">`, lakini Java ukiiuliza getElementById("k17"), amri ya kutafuta elementi kwa ID yake, inarudisha null, yaani haijaona kitu. Java haina kosa. Kwenye HTML kivinjari kinajua id ni nini. Kwenye XML hilo ni jina kama mengine, mpaka utangaze kwamba atributi hiyo ni ya aina ya ID. Tuliweka hivi juu ya faili:

<!DOCTYPE maktaba [
<!ATTLIST kitabu id ID #IMPLIED>
]>

Kitabu kikapatikana palepale, bila hata kuwasha uhakiki (ukaguzi wa hati dhidi ya matangazo yake), kwa sababu programu inayosoma XML inalazimika kuzingatia matangazo yaliyo ndani ya faili lenyewe. DTD ya nje (matangazo kama hayo yakiwa kwenye faili lingine) hailazimiki kuisoma kama haihakiki. Ndiyo maana faili linakubali kwenye mfumo mmoja na kugoma kwenye mwingine.

Mdau wa kwanza: Umegusa penyewe, mkuu. Mimi faili natumiwa na mteja, siruhusiwi kuligusa. Kwenye PHP napitia elementi zake na kuita setIdAttribute('id', true), ndipo natafuta. Faili likiwa langu natumia xml:id, iliyopitishwa na W3C (shirika la viwango vya wavuti) mwaka 2005. Haihitaji DTD, na PHP inaitambua yenyewe.

Mdau wa pili: Naongezea kuhusu thamani. Shule moja iliweka namba za usajili kuwa ID, mfano `2019/044`, na uhakiki ukakataa. ID inafuata kanuni za majina ya XML: haianzi na tarakimu, wala mkwaju hauruhusiwi. Tukaandika `m2019-044`. Tena ID ni moja kwa hati nzima. Mwanafunzi na mwalimu wote wakiwa `a1`, hati si halali, hata kama elementi zao ni tofauti.

Mdau wa tatu: Ndugu zangu, kwenye saini za kidijitali jambo hili linagusa usalama, tafadhali msilipuuze. Saini huelekeza kwenye elementi kwa ID yake. SAML (mfumo wa XML wa kuthibitisha watumiaji wanaoingia) inaiandika `ID` kwa herufi kubwa, na tangu Java 7u25 usipoisajili kwa setIdAttribute, elementi iliyosainiwa haipatikani. Nimekuta kodi inayohakiki saini vizuri, halafu inachukua Assertion (elementi ya SAML inayomtaja mtumiaji) ya kwanza inayoiona. Hiyo ni hatari kubwa! Mshambuliaji anaihamishia ile iliyosainiwa sehemu nyingine ya hati, anatanguliza ya kwake. Saini inapita, programu inasoma jina la mtumiaji kutoka kwenye ile ya uongo. Soma data kwenye elementi ileile ambayo saini imeihakiki, na hati yenye ID inayojirudia ikataliwe mapema kabisa.